Vumbi jeupe kwenye mgodi wa makaa

Haya jamani, nimepotea kama wiki mbili hivi, mnisamehe. Tulikuwa na prezentesheni za fildi, zikafuatiwa na testi mbili, halafu bumu nalo likachelewa kama kawaida yake, basi hata hamu ya kuandika ikaniisha. Leo nimerudi na jambo moja tu, ambalo limenikaa rohoni tangu Jumatano.

Jumatano ilikuwa zamu yangu kusimama mbele. Wanaonifahamu wanajua kwamba fildi ya safari hii nilikwenda kwenye mgodi wa wazi wa makaa ya mawe (jina nalihifadhi, bado nahitaji kuhitimu). Nikaeleza uchorongaji wa mashimo ya baruti: ramani ya mashimo, kina, nafasi kati ya shimo na shimo, kila kitu. Picha moja ilionyesha mashine ikiwa kazini, na nyuma yake wingu jeupe kama moshi wa majani mabichi. Jamaa mmoja akanyoosha mkono: "Sasa hilo vumbi si noma? Wanafanyaje?" Kabla sijafungua mdomo mwingine akamjibu kutoka viti vya nyuma, "Si wana barakoa!" Watu wakacheka. Mimi nikasema, "Ndiyo, kila mfanyakazi anapewa barakoa," tukahamia slaidi inayofuata. Mwisho nikapigiwa makofi, nikarudi kukaa.

Usiku usingizi haukuja. Barakoa kweli zinatolewa, hapo sikudanganya. Lakini nilijibu kana kwamba swali la vumbi limeisha hapo, na mimi nilikuwa nimesimama pembeni ya mashine ile wiki nane, nikaona kwa macho yangu kwamba halijaanza hata kuulizwa.

Niwaeleze kwanza wale wa sheria na sosholojia mnaonisoma, najua mpo. Mashine ya kuchoronga ya mgodi wa wazi ni kama trekta la minyororo lenye mlingoti. Inashusha rodi ya chuma yenye uwazi katikati, na mwisho wa rodi kuna biti inayosaga mwamba. Kompresa inasukuma hewa kwa nguvu kupitia ndani ya rodi, hewa inatokea kwenye biti, kisha inapanda juu kandokando ya rodi ikibeba unga wa mwamba. Bila hewa hiyo shimo linajaa na biti inakwama. Kwa maneno mengine, mashine imetengenezwa makusudi ipulize vumbi litoke shimoni. Likishatoka linakwenda wapi, hapo ndipo penye kazi.

Na waliotengeneza mashine walilifikiria hilo. Kuzunguka mdomo wa shimo kuna pazia la mpira linaloning'inia kutoka kwenye jukwaa la mashine hadi karibu na ardhi. Ndani ya pazia kuna bomba linalonyonya hewa chafu na kuipeleka kwenye sanduku la vichujio. Mashine nyingine zina tangi la maji pia, ambayo yanaingizwa kidogo kidogo kwenye hewa ya kompresa ili unga ulowane kule kule chini unakosagwa. Kwenye karatasi kila kitu kimepangwa vizuri sana.

Sasa mashine niliyoikuta mimi. Pazia lilikuwa limechanika upande mmoja, na pale lisipochanika lilikuwa linaishia magotini kwangu. Bomba la kunyonya lipo, ila limefungwa kwa kamba ya katani na linavuja kwenye maungio. Tangi la maji lilikuwa tupu tangu siku niliyofika hadi siku niliyoondoka. Opereta anakaa ndani ya kibanda chenye vioo na kiyoyozi. Msaidizi wake anakaa nje, ndiye anayeongeza rodi, ndiye anayepima kina cha shimo, ndiye anayechota unga kwa beleshi pale mdomoni ili jiolojia waangalie mwamba umebadilikia wapi. Anafanya hivyo zamu nzima. Jioni akivua barakoa, uso wake unakuwa na rangi mbili.

Na rangi yenyewe ndiyo iliyonishangaza siku ya kwanza. Nilitegemea kuona watu weusi tii kwa vumbi la makaa. Wale wachorongaji walikuwa weupe kama wametoka kusaga unga wa sembe.

Nikamuuliza yule msaidizi, mzee wa makamo hivi. "Shikamoo mzee, mbona vumbi jeupe na hapa ni mgodi wa makaa?" Akacheka: "Marahaba mwanangu. Makaa yako chini huko. Sisi tunatoboa mawe."

Sentensi ile ina maana kuliko kurasa nyingi nilizosoma. Makaa yetu ya kusini yamelala katikati ya miamba ya Karoo, yaani matabaka ya mawe ya mchanga na mawe ya tope. Ili uyafikie makaa lazima uondoe mwamba wa juu, na ili uuondoe lazima uutoboe na kuulipua. Jiwe la mchanga limejaa kwatzi, yaani silika. Kwa hiyo mchorongaji wa mgodi wa makaa muda mwingi havuti vumbi la makaa, anavuta silika. Na katika mavumbi haya mawili silika ndiyo mbaya zaidi, kwa mbali.

Tukisikia vumbi na makaa kwa pamoja, darasani tunafikiria mlipuko. Lazima mtihani wa usalama uulize Courrières, kule Ufaransa mwaka 1906, watu 1,099 waliokufa kwa mlipuko wa vumbi la makaa. Sawa, lile ni janga na lisomwe. Lakini vumbi ninalozungumzia mimi halilipuki. Chembe zake zinazofika ndani kabisa ya mapafu hazizidi maikromita 10, na nyingi ziko chini ya 5, wakati unywele wa mtu una unene wa kama 70. Huzioni. Wingu lile jeupe linalotisha kwenye picha yangu ni chembe kubwa, zinaanguka chini baada ya muda mfupi. Zile zinazoua zinabaki hewani hata baada ya wingu kutulia na wewe kushusha barakoa ili upumue vizuri. Zikifika kwenye vifuko vya hewa, chembe za ulinzi za mwili zinazimeza, silika inaziua, mapafu yanaanza kufanya makovu. Makovu hayo hayaondoki, hakuna dawa. Na mtu mwenye silika mapafuni anapata kifua kikuu kwa urahisi kuliko mwingine. Katika nchi yenye TB kama yetu, nani atajua kikohozi kilianzia kwenye shimo la baruti?

Mtasema nazidisha, mtoto wa fildi moja tu. Basi tuache hadithi yangu. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti uliofanywa hapa hapa Tanzania, kwenye mgodi wa makaa wa chini ya ardhi. Watafiti waliwafungia wafanyakazi 90 vipimo vya vumbi, wakapata sampuli 134, katika miaka ya 2003 na 2004. Kikomo walichotumia kwa vumbi laini la makaa kilikuwa miligramu 0.9 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, na kwa kwatzi 0.05. Kazi iliyoongoza kwa vumbi mgodini kote ilikuwa uchorongaji wa njia mpya, yaani wale wanaotoboa mwamba ili kufungua njia ya kuyafikia makaa. Wao walikuwa kwenye 17.37 kwa vumbi na 0.611 kwa kwatzi.

Pigeni hesabu wenyewe. Vumbi ni mara 19 ya kikomo, kwatzi ni mara 12. Na kile kikomo cha kwatzi, kwenye orodha ile ile ya Wamarekani kilikotoka, kilishapunguzwa hadi nusu. Wale wa timu ya usafirishaji, katika mgodi ule ule, hakuna hata sampuli moja iliyovuka kikomo. Unaona? Shimo ni moja, hewa ni moja, mshahara pengine haupishani sana, lakini aliyeshika mashine ya kuchoronga yuko kwenye dunia nyingine.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii, na naisema bila kupepesa macho: vumbi la kuchoronga linadhibitiwa mdomoni mwa shimo au halidhibitiwi kabisa. Barakoa ni ya mwisho, ya kumalizia kile kilichoponyoka. Mgodi ambao pazia limechanika na tangi ni tupu hauwezi kusema umedhibiti vumbi kwa sababu umegawa barakoa. Tena barakoa gani? Tangu Korona mwaka 2020 sote tunazijua zile za bluu za kufunga masikioni. Ile haikutengenezwa kuzuia silika, hewa inapita pembeni mwa mashavu. Hata zile nzuri za kubana usoni, mvalishe mtu juani, anabeba rodi, anapiga kelele ili opereta amsikie, uone kama saa 4 asubuhi bado iko puani.

Kuhusu maji, dunia imejua tangu zamani. Mashine za mwanzo za kuchoronga kwa hewa kavu Wamarekani walizipa jina la mtengeneza wajane. Huyo fundi Leyner wa Colorado aliweka hewa ipite ndani ya rodi, vumbi likawa balaa hadi wachimbaji wakazikataa, ndipo akapitisha na maji. Hayo ni ya miaka ya 1890! Halafu mwaka 1930 na 1931, huko huko Marekani, West Virginia, handaki la Hawk's Nest likachimbwa kwenye mwamba wa silika, likachorongwa kavu ili kazi iende haraka. Walikufa mamia, wengi wao weusi waliofuata kazi kutoka majimbo ya kusini. Na faida ya maji ilikuwa imeshajulikana.

Tusiende mbali hivyo. Wazee wa Tukuyu wanalijua neno Wenela, vijana waliokuwa wanachukuliwa kwenda migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Wengine walirudi na baiskeli na redio, wengine walirudi na kifua. Mwaka 2018 kampuni 6 za dhahabu za huko zilikubali kutenga takriban randi bilioni 5 kwa ajili ya wachimbaji wenye silika mapafuni na familia zao. Bilioni 5! Mapazia mangapi ya mpira hayo?

Na msidhani tatizo limebaki Afrika. Marekani walipitisha sheria kali ya vumbi la migodi ya makaa mwaka 1969, ugonjwa ukapungua kweli kweli. Halafu ukarudi. Mwaka 2018 watafiti wa serikali yao walionyesha kwamba katika milima ya Appalachia ya kati, mchimbaji 1 kati ya 5 mwenye miaka 25 au zaidi kazini alikuwa na dalili za mapafu meusi. Sababu mojawapo kubwa wanayoitaja ni hii hii ya mzee wangu: makaa manene yamekwisha, sasa wanafuata matabaka membamba, wanakata mwamba mwingi pamoja na makaa. Wanatoboa mawe.

Sasa niwe mkweli, maana wapo wachorongaji watakaosoma hapa waseme huyu mtoto wa chuo anajua nini. Nilimuuliza opereta kwa nini hawatumii maji. Hakunitukana, alinieleza. Maji yakizidi unga unakuwa tope, tope linaziba shimo, rodi inakwama, na siku hiyo hesabu ya mita haifiki. Biti za meno matatu nazo zikiingia maji kwenye beringi zinakufa mapema, na biti ni ghali, atakayeulizwa ni yeye. Gari la maji lipo moja, linamwagilia barabara za malori. "Sasa mdogo wangu, mimi nalipwa kwa mita," akasema. Sikuwa na jibu. Mfumo unamlipa mtu kwa kuchoronga kavu, halafu unamwandikia bango la usalama kwanza.

Tena ziko sehemu ambazo maji hayafai kweli. Huko China kuna matabaka laini ya makaa yenye gesi nyingi, wanatoboa mashimo marefu ya kuitoa gesi kabla ya kuchimba. Ukipeleka maji pale kuta za shimo zinabomoka, kwa hiyo wanatumia hewa tu, na vumbi linalotoka hapo ni hatari tupu. Wanachofanya ni kufunika mdomo wa shimo, kulinyonya vumbi pale pale, na kulinyunyizia maji likiwa tayari ndani ya bomba. Yaani hata maji yakikataa ndani ya shimo, bado mdomo wa shimo unafungwa. Hakuna anayesema basi tugawe barakoa.

Kwa mashine kama ile yetu kazi ni rahisi zaidi, na hapa ndipo ninapopandwa na hasira. Miongozo ya taasisi ya Marekani ya afya kazini, NIOSH, inaeleza mambo ambayo fundi wa Sido anaweza kuyafanya. Pazia lifike chini, uwazi usizidi kama sentimita 20. Nguvu ya kunyonya iwe angalau mara mbili ya hewa inayopulizwa. Maji yakitumika, yawe kidogo na yarekebishwe taratibu, hadi unga utoke umelowa bila kuwa tope, hapo vumbi linaweza kupungua kwa zaidi ya asilimia 90. Na lile sanduku la vichujio, ambalo likijisafisha linadondosha unga laini kabisa chini kutoka juu ukapeperuka upya, lifungiwe mfuko wa turubai kama mguu wa suruali, unga ushuke hadi ardhini kimya kimya.

Mguu wa suruali! Na mpira wa kutengenezea pazia ulikuwepo. Nyuma ya karakana kulikuwa na mkanda chakavu wa konveya, umekunjwa, kuku wa mama lishe wanatagia humo. Migodi mingine wanakata mkanda kama huo vipande vipande, wanaupanga ukipishana, pazia limekwisha. Nusu siku ya kazi na boliti. Nilimwambia bosi wangu wa fildi, akaniambia wazo zuri, liandike kwenye ripoti.

Mtu atauliza, sheria haipo? Ipo, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na mfuko wa fidia upo pia. Lakini silika haina haraka. Inaweza kukaa miaka 10, 20 ndiyo ikujulishe. Yule mzee ana mkataba wa miezi mitatu mitatu kwa mkandarasi. Miaka 15 ijayo akiwa hapandi ngazi ya zahanati bila kupumzika, atamdai nani, na kwa karatasi gani? Hakuna aliyempiga picha ya kifua siku anaanza. Hakuna aliyepima hewa aliyokuwa anavuta. Ukiitafuta rekodi ya vumbi la benchi lile kwa miezi ile, unajua utaikuta wapi? Kwenye logibuku yangu.

Ndiyo, yangu. Kila wiki kulikuwa na kipengele cha usalama na mazingira ya kazi, na kila wiki niliandika yale yale ambayo dada aliyenitangulia aliandika, kwa sababu nilidesa kutoka kwake: "Vumbi limedhibitiwa. Wafanyakazi wamepewa vifaa vya kujikinga." Wiki nane, sentensi hizo hizo, sahihi nane na muhuri. Nilikuwa nataka alama. Pazia nililiona siku ya pili.

Ripoti ya mwisho inakusanywa Ijumaa. Logibuku siwezi kuigusa, ina mihuri ya watu. Ila ripoti ni yangu, na jana usiku nimefuta ukurasa wa usalama nikauandika upya: pazia lilivyokuwa, lilipoishia, bomba na kamba yake, tangi, mkanda wa konveya na mchoro wa namna ya kuukata. Nimeandika pia kwamba yaliyomo kwenye logibuku kuhusu vumbi si sahihi na niliyaandika mimi. Rumeti wangu anasema nitapewa sapu kwa ushamba wangu. Inawezekana.

Wale wa mwaka wa pili mnaokwenda fildi mwezi wa saba, futi kamba haizidi bei ya chipsi mayai. Mkifika kwenye mashine pimeni uwazi chini ya pazia kabla hamjazoea, maana baada ya wiki moja hutaliona tena. Na mkipangiwa kule nilikokuwa, yule mzee anapenda sana magazeti ya michezo, mpelekeeni.

Naishia hapa, kafeteria wanafunga saa 2 na leo kuna maharage ya nazi.